Tumekuwa Wapangaji wa Chati

Kuna uongo ambao kizazi chetu kimeukumbatia: kwamba kitu kikionekana kwa simu yako, basi ni chako. Nyimbo ni zangu kwa sababu naweza kuzicheza. Picha ni zangu kwa sababu naziona. Na sasa wasee wa hisa, hapa Machakos na kwingineko, wanaamini bei ni zao kwa sababu wakifungua programu wanaona vijiti vya kijani na vyekundu. Mimi napinga. Ukitazama chati ambayo data yake yote inakaa kwa seva ya mtu mwingine, wewe ni mpangaji. Na mpangaji hupewa notisi.

Mimi yangu nilipewa. Nafuatilia Soko la Hisa la Nairobi nikiwa huku Machakos mjini, na programu moja ambayo sitaitaja ilikuwa ikinionyesha miaka mingi ya bei. Asubuhi moja ikanionyesha mwaka mmoja tu. Iliyobaki imewekwa kufuli, na ufunguo unauzwa kwa dola, kila mwezi. Hakuna aliyevunja sheria. Ilikuwa nyumba yao.

Mtu ataniambia, kwani mwaka mmoja hautoshi? Hautoshi. Chukua Safaricom. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Kabla mwaka haujaisha tangu iingie sokoni, ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ikavuka 40. Mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Kata kipande cha mwaka mmoja popote hapo uone utajifunza nini. Kipande kimoja kitakuambia hisa hupanda tu, kingine kitakuambia kimbia. Anayechagua urefu wa dirisha lako anachagua pia utakachoamini, na hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Halafu kuna waliokufa. Access Kenya ilitoka sokoni mwaka 2013. Rea Vipingo ikafuata 2015. KenolKobil ikaondoka 2019 baada ya kununuliwa na Wafaransa wa Rubis. Kampuni ikitoka, mara nyingi jina lake hufutwa kwenye menyu ya programu, na historia yake inaenda nalo. Sasa wewe unajaribu mkakati wako wa kununua na kuuza juu ya kampuni zilizobaki, unaona umefaulu, unajipigia makofi. Ni sawa na kuwauliza waliovuka mto peke yao kama una mamba.

Kuna pia kubadilishwa kwa bei za zamani bila wewe kujua. Equity iligawa kila hisa moja kuwa kumi mwaka 2009. Data isiyorekebishwa itakuonyesha bei imeporomoka kwa asilimia 90 kwa siku moja, ilhali hakuna mwenye hisa aliyepoteza hata shilingi. Mwenye seva anaweza kurekebisha vizuri, anaweza kurekebisha vibaya, anaweza kusahau. Ukiwa na faili yako unaona namba ghafi, unarekebisha mwenyewe, na unaandika pembeni umefanya nini. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari la jirani.

Wanaotetea mtandao wana hoja zao, na si za kijinga. Wanasema data ya mtandaoni ni mpya kila sekunde. Sawa, lakini sekunde inakusaidia nini katika soko letu? Ukiuza hisa Nairobi, malipo hukamilika siku ya tatu baada ya biashara. Kuna kampuni ambazo siku nzima hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mikono, na mstari kwenye chati unaenda bapa kana kwamba mambo yametulia. Kwa mtu wa mshahara mdogo anayeweka akiba, bei ya kufunga na wingi wa hisa zilizouzwa, mara moja kila jioni, vinatosha na kubaki.

Wanasema pia faili ya nyumbani inaweza kuharibika, flashi inaweza kupotea, kompyuta inaweza kuibwa. Kweli. Ndiyo maana unaweka nakala mbili, moja kwako na moja kwa rafiki. Lakini nani aliwaambia wenye seva hawapotezi kitu? Mwaka 2017 Yahoo ilifunga mlango ambao programu nyingi duniani zilikuwa zikiutumia kuchukua bei za zamani bila malipo. Watu waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya mlango ule waliamka wakakuta ukuta. Na tusisahau nyaya. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvutwa kwa kamba. Juni 25 mwaka huo huo, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ya Kenya ikayumba tena. Mwenye faili aliendelea kusoma chati zake. Mpangaji alitazama kiduara kikizunguka.

Wakamba wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Mito yetu mingi hutiririka msimu wa mvua tu, kisha inabaki mchanga. Ndiyo maana Ukambani watu hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta unavuka mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha katikati ya chembe, na kiangazi kikifika unachimba na kuteka. Hakuna anayemtukana mto. Lakini hakuna mwenye akili anayeuamini mto peke yake. Hivyo ndivyo programu ya chati inavyopaswa kufanya kazi: ichote bei mtandaoni jioni, iziweke kwako, kisha ikuache ufanye kazi hata bando ikiisha. Programu kama AmiBroker na MetaStock zimekuwa zikisoma data kutoka kwa diski ya mtumiaji tangu miaka ya nyuma. Hatuombi muujiza.

Tena si mzigo. Piga hesabu. Kampuni 60 hivi, siku 250 za biashara kwa mwaka, miaka 20: mistari 300,000. Kila mstari una tarehe, bei nne na wingi wa hisa, tuseme herufi 50. Jumla ni megabaiti 15. Historia ya miaka 20 ya soko zima la hisa la nchi inaingia kwenye simu ya bei rahisi zaidi unayoweza kupata mjini, na nafasi inabaki ya video zako zote.

Kwa hivyo swali la nafasi limekufa, na la teknolojia pia. Limebaki la nani anamiliki. Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa 1954, huuza data yake ya zamani kama bidhaa. Benki kubwa itanunua. Kijana wa Machakos anayetaka kujua kama wazo lake la kuwekeza lilifanya kazi miaka kumi iliyopita, atanunua na nini? Halafu tunahimizwa kila siku tuache kamari ya mpira tununue hisa. Tununue tukiwa tumefungwa macho?

Serikali yenyewe imejenga Kituo cha Kitaifa cha Data pale Konza, mwendo mfupi kutoka hapa. Imejenga kwa sababu iliona si busara taifa kuweka kumbukumbu zake ugenini. Mantiki hiyo ni nzuri. Basi ishuke hadi kwa mwananchi. Soko litoe bei ya kufunga na wingi wa kila kampuni, pamoja na zilizoondoka, katika faili moja la kupakua bure, likiongezwa kila jioni. Bei za papo kwa papo waendelee kuwauzia wanaozihitaji, hatuna shida.

Na hadi watakapofanya hivyo, fungua Excel leo jioni. Chagua kampuni tano, andika tarehe, bei ya kufunga, wingi. Kesho uongeze mstari mwingine.