Simbamarara wa Mtera Yuko Wapi?

Ndugu zangu washairi, juzi nilisoma tafsiri ya somo la sayansi iliyomwita mbawakawa mmoja wa ukingoni mwa mabwawa "mbawakawa simbamarara". Niliiweka chini kwa uchungu. Simbamarara ni mnyama wa Asia. Mchungaji wa Mtera hajapata kumwona, wala mama yake, wala bibi yake. Mtafsiri aliliona jina la Kiingereza akaligeuza neno kwa neno, asitoke nje kumtazama mdudu mwenyewe.

Laiti angetoka! Bwawa la Mtera, linalouzuia Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, hupungua maji wakati wa kiangazi na kuacha tope na mchanga wazi. Hapo ndipo nilipomjua, nikiwa na wanafunzi wangu. Ana miguu mirefu, macho yaliyotokeza na mataya mfano wa mundu. Humkimbiza sisimizi kwa kasi hata macho yake mwenyewe yakashindwa kumwona anayemwinda. Hulazimika kusimama, akatazama upya, kisha akatimka tena. Ukimkaribia, huruka hatua chache na mara nyingi hutua akikukabili. Buu lake huchimba shimo la wima, likauziba mdomo wa shimo kwa kichwa, likangoja. Mgongoni lina kulabu za kujishikiza ukutani, windo lisije likaling'oa.

Niambieni, katika hayo yote simbamarara yuko wapi?

Wazee waliomwita mmoja kivunjajungu na mwingine kimulimuli hawakuazima kamusi ya mtu. (Jungu lenyewe, tukubali, halivunjwi na mdudu.) Sisi tuliosoma ndio tumekuwa wavivu: kila chenye miguu sita ni "mdudu tu", na mashairi yetu yana nyuki, siafu na kipepeo, basi.

Najibiwa kwamba jina si kitu, kwani mdudu halijui. Halijui, naam. Lakini anayeteremsha trekta ukingoni angelijua. Buu huweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, nalo hufukiwa pasipo mtu kuuliza, kwa kuwa hana neno la kuulizia.

Mimi napendekeza "kikimbiasimama". Ila kabla hamjalipokea, waulizwe kwanza wavuvi na wachungaji wa Mtera, kwa Kigogo na kwa Kihehe, wao humwitaje. Wakiwa na lao, langu litupwe.