Vumbi la Kioo Lisigeuzwe Nukta

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea uchambuzi wa utenzi alioachiwa na marehemu babu yake, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Karatasi zenyewe alikuwa amezipeleka katika duka moja hapa Mbaraki, zikapitishwa kwenye skana, naye akaifanyia kazi ile picha. Aliandika ukurasa mzima kuhusu mgeni aliyekuja "kupoza" mji, na kuufanya upole huo kuwa kiini cha utenzi. Niliingiwa na shaka, kwani beti zilizofuata zilikuwa kilio cha walionyang'anywa mali.

"Hebu niletee karatasi zenyewe," nikamwambia.

"Mwalimu, zimeliwa na mchwa. Nyumbani wameziweka kando zichomwe."

Kwa bahati, zilikuwa hazijachomwa. Tulipozitazama, neno lilikuwa "kupora".

Kosa hili lilizukaje? Katika hati za Kiarabu, herufi ya "r" na ya "z" zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta moja iliyo juu ya "z". Chembe ya vumbi kwenye kioo cha skana ilitua mahali pa nukta hiyo, ikamgeuza mporaji kuwa tabibu!

Waama, hitilafu kama hii hugunduliwa kwa jaribio jepesi. Igeuze karatasi juu chini, kisha ipitishe tena. Doa likihama pamoja na maandishi, limo katika karatasi. Likibaki pale pale pembeni mwa picha, limo katika kioo. Zima mashine, ukipanguse kioo kwa kitambaa laini, usikimwagie maji. Mstari mrefu unaoteremka ukurasa mzima, aghalabu hutokana na uchafu kwenye kioo chembamba kilicho chini ya sehemu inayovuta karatasi. Hata hivyo, karatasi kuukuu zisivutwe na mashine hata kidogo, zisije zikararuka. Zilazwe kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Wino uliofifia hupotea ukichagua picha ya nyeusi na nyeupe tupu, chagua rangi. Maandishi ya upande wa pili yakijitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma yake. Kiwango cha nukta 300 kwa inchi hutosha maandishi ya kawaida. Herufi ndogo zipewe 600.

Hati za Kirumi nazo hazijasalimika. Programu ya kutambua herufi, ikiwa imeelekezwa kusoma Kiingereza, huweza kukidondosha kibainishi cha "ng'", na "ng'oa" ikasomeka "ngoa". La kwanza ni kitendo cha shambani, la pili ni ugonjwa wa moyo. Mashine haina aibu ya kukosea, wala haimwombi radhi msomaji.

Ni maoni yangu, basi, kwamba kasoro kubwa haimo katika skana. Imo katika imani yetu kwamba kilichopigwa picha kimekwisha kuhifadhiwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, yametufikia kwa juhudi za watu kama Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaeleza, na W. E. Taylor, hata William Hichens akayachapisha diwani mwaka 1940. Watu hao walisoma, wakauliza, wakalinganisha. Sisi tuna mashine zipigazo picha kwa dakika, lakini je, tunalinganisha?

Walimu wenzangu, tusipokee uchambuzi wa hati za kale kabla ya mwanafunzi kuonyesha kwamba ameisoma picha akiwa na karatasi mkononi. Nanyi wanafunzi, msiruhusu karatasi ya babu itupwe eti kwa kuwa imo ndani ya tarakilishi. Haraka haraka haina baraka. Yule mwanafunzi ameurudia uchambuzi wake tangu mwanzo, na safari hii kilio cha wale walioporwa kinasikika.