Mikopo ya Halmashauri na Amana ya Mali ya Umma



Ndugu zetu katika imani, wiki hii tunazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona si la ukurasa huu: fedha ambazo halmashauri zetu huwakopesha akinamama, vijana na watu wenye ulemavu. Tumelichagua kwa sababu mama zetu na dada zetu, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, wananaswa na ile mikopo ya riba ambayo wenyewe wameipa jina la "kausha damu", ilhali upo mkopo usio na riba ambao sheria ya nchi imewawekea.

Mwaka 2018 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, likaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi hivyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utaratibu huo ulitegemea zaidi maagizo na utashi wa viongozi. Sheria imetamka wazi kuwa mkopo huo hautozwi riba. Na mapato ya ndani ni yapi? Ni ushuru wa samaki, ushuru wa masoko, leseni za biashara na mfano wa hayo. Mama anayelipia ushuru gunia lake la dagaa amekwishachangia mfuko huo kabla hajaandika barua ya kuomba kukopa.

Wanaoishi kando ya ziwa wanajua jinsi dagaa wanavyovuliwa. Huvuliwa usiku wa giza, kwa kuvutwa na taa. Mwezi unapojaa taa hazina kazi. Katika zile siku za tarehe 13, 14 na 15 ambazo tumesuniwa kufunga, mitumbwi mingi huwa imepandishwa mchangani. Mama mwanika dagaa hana cha kununua wala cha kuuza. Mvua nayo ikinyesha mfululizo, dagaa waliokwisha kuanikwa huharibika na bei huanguka. Mkopeshaji wa kausha damu hajui mbalamwezi wala masika. Anataka marejesho yake ya siku au ya wiki, na yakikosekana anabeba godoro, sufuria na televisheni mbele ya watoto. Mume wakati mwingine hakujua hata kama mkewe amekopa. Ndoa zinavunjika kwa jambo hili, na wanaoketi kusuluhisha migogoro ya nyumba misikitini wanalijua vyema.

Kwa nini basi mkopo wa halmashauri haukuwaokoa? Mwezi Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kufichua mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na kuwepo kwa vikundi hewa. Ilirejea katika mwaka wa fedha 2024/2025. Halmashauri 10 nchini zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Za mkoa wetu wa Mwanza hazikuwamo, zikaendelea kuitoa zenyewe chini ya utaratibu ulioboreshwa. Kwa muda ule wote wa kusitishwa, aliyekopa kwa uaminifu na akalipa alikaa mikono mitupu pamoja na aliyekula fedha za watu.

Tarehe ya Uislamu ina funzo hapa. Tabari amepokea kuwa Hind binti Utba alimwendea Khalifa Umar bin Khattab (R.A) akaomba kukopeshwa elfu nne kutoka Baitul Mali ili afanye biashara, naye akachukua dhamana ya kuzilipa. Umar akamkopesha. Hind akasafiri, akanunua na kuuza, kisha akarudi Madina akilalamika kuwa amepata hasara. Umar akamweleza kuwa fedha hizo zingekuwa zake angemwachia, lakini zilikuwa za Waislamu. Tuyatazame mambo mawili: mwanamke hakunyimwa mtaji wa umma, na hasara haikulifuta deni. Ni kweli Qur'an, katika Sura Al-Baqara aya ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Lakini kupewa muda si kusamehewa, na mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi ni dhalimu.

Viongozi nao wana kisa chao, katika Muwatta ya Imam Malik. Watoto wawili wa Umar, Abdullah na Ubaidullah, walikopeshwa mali ya umma na Abu Musa al-Ash'ari, gavana wa Basra, wakapata faida. Umar aliwauliza iwapo gavana aliwakopesha askari wote kama alivyowakopesha wao. Jibu lilikuwa hapana. Mwishowe mtaji wote na nusu ya faida vilirudi Baitul Mali. Swali hilo tungependa liulizwe katika kila kata ambako kikundi cha jamaa wa mkubwa kimepata mkopo na cha wajane kimeambiwa kisubiri.

Wako Waislamu wanaojiweka mbali na mfuko huu kwa hofu kuwa kila mkopo wa serikali una riba. Sisi si mamufti. Tunasema tu kuwa sheria imeiondoa riba, na anayetia shaka asome mkataba kabla ya kuutia saini. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ndefu kuliko zote katika Qur'an, imekuja kutufundisha kuandika madeni.

Tunazo madrasa, vikundi vya akinamama vya maulidi na vya kuzikana, ambao wanajuana kwa miaka na hawawezi kudanganyana kirahisi. Hao wana sifa ya kuwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti yake. Mkaazi wa Ukara, ambaye lazima avuke kwa kivuko kisha asafiri hadi Nansio kufuatilia karatasi, anahitaji msaada wa mwenye kusoma vizuri. Halmashauri nazo zipange marejesho ya wafanyabiashara wa dagaa kwa kufuata giza na mbalamwezi. Na maimamu wetu, baada ya Swala ya Ijumaa, wamwalike afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa dakika 15, akiwa na fomu zake, na akinamama wapewe nafasi ya kumsikia na kumuuliza.