Muda wa mama usilipwe na binti

Mama mjasiriamali akikaa kwenye semina siku hizi, jambo la kwanza kuambiwa ni kwamba ajipange. Aandike ratiba, atenge kopo la mtaji na kopo la matumizi, achukue oda jioni badala ya kushinda na beseni barabarani akisubiri bahati. Ushauri mzuri, na wanaoufuata wapo. Wasiwasi wetu uko kwenye mbinu nyingine ya kuokoa muda, ambayo hakuna mwezeshaji anayeifundisha na nyumba nyingi zinaijua: binti mkubwa anabaki nyumbani.

Katika kata ya Kimuli na kata jirani za wilaya ya Kyerwa, na hata Karagwe ambako wilaya hii ilimegwa mwaka 2012, biashara ya mama si ya kujishughulisha tu. Fedha ya kahawa, kwa desturi ya kaya nyingi za Kagera, hupita mikononi mwa baba, tena huja kwa msimu. Wapo walioiuza ikiwa bado maua, kwa mtindo wa butura, na mavuno yakifika wanamchumia mwenzao. Chumvi, sabuni, madaftari na nauli ya kwenda zahanati vinatoka kwenye maandazi, karanga, mafuta ya kupima, cherehani iliyowekwa barazani, na senene wakati wake ukifika. Biashara hiyo ikisimama wiki moja, nyumba inatikisika.

Tazama maandazi peke yake. Unga unakandwa usiku na kufunikwa uumuke. Alfajiri kuni zinawashwa ili maandazi yawahi wanafunzi na waendesha bodaboda. Hapo hapo yupo mtoto wa mwaka mmoja anayetaka kunyonya, maji hayajachotwa, ndizi hazijamenywa, na mvua za vuli zikianza kibanja nacho kinadai jembe. Karai la mafuta ya moto na mtoto anayejifunza kutembea havikai jiko moja. Mama anapiga hesabu ambayo yeyote kati yetu angeipiga: lazima apatikane mtu wa kumshika mtoto. Baba bado amelala. Bibi amechoka. Aliyebaki ni wa darasa la tano.

Mara ya kwanza ni siku ya gulio tu. Baadaye ni kila gulio. Kisha inaongezeka siku ya marejesho ya mkopo, maana mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu haingoji mtoto apone homa. Wiki ikifika, fedha itafutwe. Binti hajaacha shule. Jina lake lipo, sare anayo, ila anapitwa na hesabu za sehemu Jumanne hii na Jumanne ijayo, hadi mwalimu anamwona mzito wa kuelewa.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kikwazo cha karo kiliondoka. Cha muda kilibaki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimwathiri mtoto katika mahudhurio yake shuleni. Wa darasa la tano hajafika hata huko. Lakini ni mtendaji gani wa kijiji atakayebisha hodi kumuuliza mama kwa nini mtoto anamlea mdogo wake? Hata sisi tusingependa aje na pingu.

Hatumlaumu mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mama wa maandazi hana mwajiri. Likizo yake ni zile siku ambazo jirani alimletea uji. Tunaowalaumu ni wanaojua na kunyamaza, na baadhi yao wako halmashauri.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Vituo vya kijamii vya kulelea watoto mchana vinatajwa sana tangu hapo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024, tena haina riba. Mambo haya mawili yanapita kila moja njia yake. Kikundi kinachoomba mkopo kinaulizwa mradi, katiba na akaunti ya benki. Nani atabaki na watoto mradi ukianza? Swali hilo halimo kwenye fomu, na hapo ndipo mkopo mzuri unapogeuka kuwa kazi ya binti.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata angeweza kuliuliza hata kesho, bila kusubiri waraka. Kikundi cha kina mama kina uwezo wa kupangiana zamu: magulio hayaangukii siku moja, kwa hiyo mmoja anabaki na watoto wa wenzake leo, kesho wanabaki na wake. Wakichangia kidogo, wanaweza kumlipa mama mtu mzima anayeaminika. Jikoni nako muda unaokolewa: maharage yakilowekwa usiku yanaiva upesi na kuni zinapungua. Baba naye, ambaye saa hizo za karai mara nyingi yupo kitandani, anaweza kumshika mtoto mpaka karai lishuke. Hilo halihitaji bajeti wala semina.

Yanayohitaji bajeti ni ya halmashauri: bomba la maji karibu na makazi, na chumba chenye uzio na choo cha watoto wadogo katika kila kijiji. Kuhusu kuni, mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Aliye darasa la tano leo atakuwa mtu mzima kabla ya mwaka huo.

Kwa hiyo tunawataka walimu wakuu walete kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mahudhurio ya wasichana, siku kwa siku, siku ya gulio ikitengwa na nyingine. Takwimu zipo, walimu huziandika kwa kalamu kila asubuhi. Ziwekwe mezani pamoja na orodha ya vikundi vinavyoomba mikopo, na madiwani wazisome zote mbili kabla ya kupitisha hata shilingi moja.