Fomu ya Fidia Haijaharibika, Imeandikwa Hivyo

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeuliza kulikoni. Nilikuwa nagombana na fomu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu alikuwa na miadi kwa daktari wa mifupa Nairobi, miadi tuliyoisubiri wiki tisa. Tukakata tiketi mbili. Ukiishi huku Shelly Beach na ndege yako ni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, feri huiamini, kwa hiyo tukatoka saa tisa usiku kwa teksi kupitia Dongo Kundu. Uwanja wa Moi tulifika kabla ya wafanyakazi wa shirika lenyewe. Saa kumi na mbili tukaambiwa ndege imechelewa. Saa mbili tukapewa soda na keki. Saa nne tukaambiwa safari imefutwa, labda tupangiwe ya jioni. Sababu? "Hali ya hewa Nairobi." Daktari alikuwa anamngoja mama saa tano. Tukarudi nyumbani.

Shirika silitaji. Ila halikujua kwamba mmoja wa abiria wake ana antena juu ya paa.

Karibu kila ndege ya abiria hujitangaza yenyewe ilipo, kila sekunde, kwa redio ya megahezi 1090, na tangazo hilo halina siri wala nywila. Ukiwa na kidude cha redio cha kuchomeka kwenye USB, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kipande cha waya, unaandika kumbukumbu ya kila ndege inayopita. Tovuti kama Flightradar24 hupata sehemu kubwa ya data yake hivyohivyo, kwa watu wa kawaida wenye antena. Basi nikafungua kumbukumbu ya asubuhi ile. Kati ya saa kumi na mbili na saa nne, ndege sita zilipaa Mombasa zikaelekea kaskazini-magharibi, na nne zikaingia kutoka upande huo. Mbili kati ya hizo ni za shirika lilelile! Nakubali, antena ya Likoni haioni Nairobi. Lakini hiyo hali ya hewa iliwachagua abiria wa ndege moja tu?

Nikaenda kwenye tovuti yao kudai. Kukata tiketi pale ni kurasa tatu: jina, tarehe, M-Pesa, umemaliza. Nilipima, sekunde 50. Fomu ya malalamiko ina visanduku 19. Inataka pasi ya kuingilia ndegeni iwe PDF, isizidi kilobaiti 500, na picha ya simu haipokei. Ukikosea kisanduku kimoja inafuta vyote 18 vilivyobaki. Nikafungua msimbo wa ukurasa, maana ndiyo kazi yangu, nikaona kitufe cha kutuma hakifanyi chochote kwenye simu. Hakuna hata ujumbe wa kosa, kimya tu. Nikatuma kwa kompyuta. Baada ya wiki mbili wakajibu: tupe risiti za hasara uliyopata.

Risiti! Ya teksi ninayo. Lakini wiki tisa za kungoja daktari zinatolewa risiti na nani? Maumivu ya goti la mama yana nambari ya ankara?

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunaambiwa Mkenya ana haki, na kwenye karatasi anazo kweli. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na huduma mbovu. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kuna jopo la kusikiliza mizozo ya usafiri wa anga, chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, na shirika likikuchelewesha linaweza kuwajibika hadi SDR 6,303, kiwango kilichoanza tarehe 28 Desemba 2024. (SDR hapa ni kipimo cha fedha cha IMF. Kile kidude changu cha redio nacho huitwa SDR, na cha kwangu ni rahisi kukipata kuliko hizo.) Ni zaidi ya shilingi milioni moja. Mbona nyingi? Kwa sababu ni kikomo tu. Chini ya kikomo lazima uthibitishe kila shilingi, na shirika likionyesha kwamba lilifanya kila linalowezekana, hupati kitu.

Sasa linganisha na Ulaya. Kanuni yao nambari 261 ya 2004, iliyoanza kazi Februari 2005, haiulizi ulipoteza nini. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ikichelewa saa nne au zaidi kufika, kwa kosa la shirika, ni yuro 600. Kiwango kimoja kwa wote. Mahakama yao ya juu ilisema mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kawaida ya mitambo si kisingizio, na mwaka 2021 ikasema hata mgomo wa marubani wa shirika lenyewe si kisingizio. Wala pasipoti yako haiangaliwi. Ukipanda ndege ya shirika la Ujerumani hapa Mombasa kwenda Frankfurt, wewe wa Likoni na mtalii wa Diani aliyekaa kando yako mna haki ileile.

Uingereza waliibakiza sheria hiyo, kwa pauni 520. Hebu tazama inavyofanya kazi: ndege ya Kenya Airways ikitoka London kuja Nairobi, abiria wake analindwa. Ndege hiyohiyo na rubani huyohuyo wakirudi kutoka Nairobi kwenda London, sheria hiyo haimgusi. Abiria ana thamani akiondoka kwao, akiondoka kwetu ni mzigo wenye miguu.

Lakini hata Ulaya wameacha tundu: lazima udai. Ndiyo maana kuna kampuni kama AirHelp, iliyoanzishwa 2013, inayokudaia halafu inakata zaidi ya theluthi. Biashara nzima imejengwa juu ya ubovu wa fomu!

Na huo udai wenyewe ni wa nini? Ndege za abiria zimekuwa na mfumo wa ACARS tangu 1978. Unatuma wenyewe saa nne za kila safari: ndege ilipoachana na lango, ilipopaa, ilipotua, ilipofika lango la mwisho. Shirika linajua limekuchelewesha dakika ngapi kabla wewe hujafungua mkanda. Jina lako lipo kwenye hifadhidata yao. Nambari ya M-Pesa uliyolipia ipo. Msimbo wenyewe ni huu:

kama dakika_za_kuchelewa > 180 na sababu ni ya shirika, mtumie abiria pesa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anauandika kabla ya chai ya saa nne. Kipande kigumu ni "sababu", na hicho kisiachiwe shirika kujiandikia. Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, iandike, maana waongozaji ndege ni wake na wanajua ni nani alizuiwa kupaa na kwa nini.

Msiniambie ni ndoto za watu wa kompyuta. Mwaka 2009, hapahapa Kenya, bima ya Kilimo Salama ilianza kuwalipa wakulima kwa M-Pesa kufuatana na vipimo vya mvua vya vituo vya hali ya hewa. Mkulima hakujaza fomu ya madai. Mvua ikikosekana, kipimo kinasema, pesa inaingia. Marekani nao mwaka 2024 walitunga kanuni kwamba safari ikifutwa na abiria akikataa nyingine, nauli irudishwe bila yeye kuomba.

Najua jibu la mashirika: faida yetu ni nyembamba, tukilipa kila mtu tutafunga. Sawa, lakini gharama ya kuchelewa haipotei hewani kwa sababu haikulipwa. Asubuhi ile aliilipa mama yangu, na yeye hana hata faida nyembamba.

Na sisi waandishi wa programu tusijifanye watakatifu. Ile fomu ya visanduku 19 haikuota kama uyoga. Kuna mwenzetu, pengine mwenye shahada kama yangu, aliambiwa "fanya hiki kiwe rahisi, kile kiwe kigumu", akaitikia, akalipwa.

Kwa sasa, ukicheleweshwa: tunza pasi ya ndege, piga picha ubao wa ratiba, na udai sababu kwa maandishi palepale. Kwa safari za kimataifa una miaka miwili ya kwenda mahakamani. Mzigo ulioharibika andika barua ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee.

Sisi tumepata miadi mipya, na mama amesema atapanda treni. Dai letu nimelipeleka kwa barua ya karatasi, na kumbukumbu ya antena nimeiambatisha. Nikijibiwa nitawaeleza. Na kama ndege yako kati ya Mombasa na Nairobi ilichelewa mwaka huu, niandikie tarehe na nambari ya safari. Nitakutafutia ilipaa saa ngapi.