Nani Kasema Bibi Amelizoea Joto?

Februari, saa nane mchana, Manzese. Bibi yangu mzaa mama amekaa kitandani, sweta juu ya gauni, khanga mbili juu ya sweta. Ngozi yake imekauka na inawaka moto. Nikamvua sweta. Jirani aliyesimama mlangoni akanituliza: "Mwache, mwanangu. Joto la Dar huyo kazaliwa nalo."

Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sasa naikataa. Kulizoea joto ni kazi, na kazi hiyo mwili hauifanyi peke yake. Mwili hutoa jasho. Akili ndiyo inayosikia kiu, inayokuinua ukafuate maji, inayokwambia vua hiyo nguo, toka ukapunge upepo barazani. Uzee wenyewe hupunguza kiu na jasho. Mwenye demensia kama bibi yangu, yule tunayesema "anasahausahau", amepoteza na hayo mengine. Hajui kwamba ana kiu. Ukimpa kikombe anaapa ameshakunywa. Ujuzi wote wa kuishi na joto, aliouchuma miaka 80, ndio uliopotea, halafu sisi tunamtegemea aokoke nao!

Baya zaidi ni jinsi tunavyomsoma. Maji yakimpungukia mwilini huchanganyikiwa, hupiga kelele, halali. Tunasema ugonjwa umepanda, tunaomba aongezewe dawa ya kumtuliza, na baadhi ya dawa hizo huzuia jasho. Nyumbani kwetu tulifanya hivyo wiki nzima. Siku ile ya sweta tulimkimbiza zahanati, wakamtundikia dripu mbili, na jioni akaniita kwa jina la mama yangu. Nililia pale pale kwenye benchi.

Wala si jua peke yake. Jua la Masaki ndilo la Manzese, ila Masaki kuna miti, kuna bustani, kuna kiyoyozi. Kwetu bati limegusana na bati, dirisha dogo linafungwa usiku kwa kuogopa wezi, maji yanakuja kwa dumu na kila dumu lina bei yake, na feni inazunguka mpaka umeme wa LUKU uishe. Hewa ya pwani nayo imejaa unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Kwamba mtaa nao huua, Chicago ilionyesha: Julai 1995 joto liliua zaidi ya watu 700 kwa siku chache. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ya watu maskini, yote yenye wazee wengi wanaoishi peke yao: North Lawndale na South Lawndale. Kwa kila watu 100,000, mtaa wa kwanza ulipoteza 40, wa pili 4. Mtaa wa pili ulikuwa na maduka wazi, watu njiani, mahali pa mzee kutokea. Wa kwanza ulikuwa umehamwa, viwanja vitupu, na wazee walijifungia ndani kwa hofu.

Najua jibu litakalokuja: sisi tuna udugu, mzee wetu hakai peke yake. Kweli? Asubuhi mama yuko sokoni, baba yuko kwenye bodaboda, watoto shuleni. Na kwa kuwa bibi akitoka anapotea, tunamfungia. Kufuli nje, bati juu, hakuna kikombe karibu, kuanzia saa mbili hadi saa kumi. Sisemi hivi kumlaani yeyote. Kufuli hilo nami nimelifunga. Utafiti wa wilayani Hai ulikuta takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, kwa hiyo makufuli ya namna hii si mawili wala matatu. Wakifa, tunasema presha, malaria, uzee. Joto halitajwi, kwa sababu tulishakubaliana kuwa tumelizoea.

Basi mti wa mwisho uani usikatwe, na bomba la mtaa litoe maji Februari kama linavyotoa Mei. Mjumbe wetu anaijua kila nyumba ambayo haijalipa mchango wa ulinzi. Aijue pia yenye mgonjwa ndani na kufuli nje, ufunguo ukae kwa jirani, na mtu apite saa sita, saa nane na saa kumi, akae naye mpaka kikombe kiishe.