Maarifa ya Nyumbani: Mkaa Unapogeuka

Mwezi huu twataka kunena habari za vitu vinavyogeuka mbele ya macho yetu kila siku, jikoni na sokoni. Walimu huwafundisha watoto habari hizi shuleni, lakini yafaa baba na mama nao wazijue, maana katika mageuko hayo limo moja liwezalo kuua jamaa nzima usiku bila kelele.

Mageuko ya vitu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mageuko ya umbo. Hapa kitu hubadilika sura tu, wala asili yake haiondoki. Tazameni barafu ya wauza samaki pale Feri, Kivukoni: jua likipanda huyeyuka ikawa maji, na maji yale yakitiwa katika jokofu huwa barafu tena. Chumvi ikikorogwa majini haionekani, lakini maji yakikauka, chumvi yabaki chini ya chombo. Na mafuta ya nazi, asubuhi za baridi ya mwezi wa Julai hapa Dar es Salaam, huganda katika chupa yakawa meupe. Jua likipata nguvu huyeyuka tena.

Namna ya pili ni mageuko ya kemikali. Hapa kitu hugeuka asili yake, kikawa kitu kingine kabisa. Chuma kikipigwa na hewa ya bahari hushika kutu, na kutu si chuma tena. Andazi likiisha kuiva halirudi kuwa unga. Na kuungua ni mageuko ya namna hii. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto ulishika soko kuu la Kariakoo. Jengo lenyewe, lililochorwa na Bwana Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliwezekana kutengenezwa; bali mali ya wafanya biashara iliyogeuka majivu na moshi, hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Pengine namna zote mbili hutokea mahali pamoja. Katika siku za Krismasi za mwaka 1860, Michael Faraday, mtaalamu mkubwa na mzee wa kanisa huko London, aliwafundisha vijana habari za mshumaa. Mshumaa ukiwashwa, nta huyeyuka: hayo ni mageuko ya umbo, maana nta iliyotiririka huganda tena. Lakini nta ipandayo katika utambi na kuungua huungana na oksijeni iliyo hewani, ikageuka kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Mwalimu akiufunika mshumaa kwa bilauri, watoto wataona mwali ukififia hata ukazimika, kwa sababu moto wahitaji oksijeni kama sisi.

Sasa tuangalie mkaa. Mkaa hutoka katika magogo yaliyofukiwa kwa udongo na kuchomwa kwa hewa kidogo, hata maji na moshi vikatoka, ikabaki hasa kaboni. Jikoni kaboni hiyo nayo huungana na oksijeni. Ikipata oksijeni tele, hutoka kaboni dayoksaidi, ambayo sisi nasi huitoa katika pumzi. Ikipata haba, hutoka kaboni monoksaidi, nayo ni sumu. Jiko la mkaa hutoa sumu hiyo wakati wote, na katika chumba kilichofungwa huzidi sana. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kifuani hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuichukua oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Naye aliyelala huenda asiamke. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga wamo katika hatari kubwa zaidi.

Wengi hudhani ya kuwa hatari ni moshi, na kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama. Sivyo. Katika nyumba za Kariakoo na Gerezani, ambamo jamaa nyingi hupanga chumba kimoja kimoja, mvua za masika zikinyesha jiko huweza kuondolewa uani likaingizwa chumbani, na dirisha likafungwa. Hapo ndipo penye mauti. Wala makaa yaliyofunikwa na majivu hayajafa. Yangali yakitoa sumu. Sufuria ya maji iliyowekwa chumbani haisaidii, maana sumu hii haiyeyuki majini ila kidogo sana.

Basi, shikeni haya. Pikeni uani au barazani. Na ikiwa hapana budi kupika ndani, mlango na madirisha yawe wazi. Jiko lenye makaa lisilale na watu chumbani, hata kukiwa na baridi. Mkimkuta mtu amelegea karibu na jiko, fungueni milango, mtoeni nje upesi, mkampeleke hospitali. Msimwache alale mkidhani ana homa tu.

Mungu aliyetupa pumzi ametupa na akili ya kuilinda. Usiku huu, baada ya sala ya jioni, mwenye nyumba na aangalie jiko liko wapi kabla hajafunga mlango.